Kidole Kwenye Rili: Mwongozo Kamili wa Fezi na Flenji, Kutoka Tepu za Miaka ya 1960 Hadi Kompyuta Yako

Aliyewahi kusikiliza redio ya masafa mafupi usiku anaijua sauti hii hata kama hajui jina lake. Mtangazaji anasoma habari, mara sauti yake inaanza kujikunja kana kwamba upepo unapita ndani yake. Inakonda, inajaa tena, halafu inatulia. Nilipokuwa mdogo nilidhani betri zinaisha. Kumbe wimbi lile lile lilikuwa limefika kwenye antena kwa njia mbili, moja ndefu kidogo kuliko nyingine. Zilipokutana zilisaidiana katika baadhi ya masafa na kufutana katika mengine, na kwa kuwa anga halitulii, mapengo yale yalikuwa yakitembea.

Mafundi wa studio za Marekani na Uingereza waliipata sauti hiyo hiyo, ambayo leo huitwa fezi au flenji, kwa mikono, kwa kutumia tepu, kabla hakijawepo kifaa chochote cha dukani cha kuitengeneza. Leo imejaa kwenye pedali za gitaa (visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti) na kwenye programu za kurekodia, lakini wengi wanaoitumia wanazungusha vitufe tu bila kujua kinachotokea ndani. Ukishika jambo moja katika mwongozo huu, lishike hili: sauti hii huzaliwa pale nakala mbili za muziki ule ule zinapokimbizana, na moja ikaipita nyingine. Mengine yote tutakayofanya hapa yanatokana na hilo.

Utahitaji kompyuta yoyote yenye Audacity, ambayo ni ya bure, na hedifoni au spika nzuri kiasi. Na mfuniko wa sufuria. Tunaanza na mfuniko.

Isikie kwanza kwa mdomo wako

Shika mfuniko mbele ya uso, mkono umenyooka. Toa "shhhh" ndefu, kama mtu anayemnyamazisha mtoto, huku ukiusogeza mfuniko taratibu hadi ukaribie midomo, kisha uurudishe. Ndani ya ule mvumo utasikia kitu kama filimbi kinapanda mfuniko unapokaribia na kushuka unapokwenda mbali. Rudia mara tatu nne. Kitabu chenye jalada gumu kinafaa pia.

Mdomo wako haukubadilisha chochote. Sikio limepata "shhhh" mbili: moja imekuja moja kwa moja, nyingine imegonga mfuniko na kurudi. Mfuniko ukiwa sentimita 17 kutoka mdomoni, ile ya pili imesafiri takriban sentimita 34 zaidi, na kwa kuwa sauti hewani huenda karibu mita 343 kwa sekunde, imechelewa kama milisekunde 1.

Sasa tazama kinachofanywa na hiyo milisekunde moja. Sauti ya Hz 500, yaani mizunguko 500 kwa sekunde, humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 2, kwa hiyo nakala iliyochelewa milisekunde 1 iko nusu mzunguko nyuma. Ya kwanza inaposukuma, ya pili inavuta, na zikiwa na nguvu sawa zinafutana kabisa. Hivyo hivyo kwa Hz 1500, 2500, 3500 na kuendelea. Lakini kwenye Hz 1000, 2000 na 3000 zinasukuma pamoja na sauti inaongezeka. Ukichora picha yake unapata meno na mapengo yaliyopangana kama chanuo, na ndiyo maana mafundi huita hali hii chujio la chanuo.

Ukipunguza kuchelewa hadi nusu milisekunde, mapengo yanahamia Hz 1000, 3000 na 5000. Ukiongeza hadi milisekunde 5, yanashuka hadi Hz 100, 300, 500 na yanakuwa mengi yamebanana. Filimbi uliyoisikia kwenye mfuniko ni chanuo lote likitelezeshwa juu na chini.

Mwanasayansi wa Uholanzi Christiaan Huygens aliliona jambo hili mwaka 1693. Aliposimama kati ya chemchemi na ngazi za mawe za kasri la Chantilly, Ufaransa, alitambua kwamba mvumo wa maji ulikuwa na tuni ndani yake, na akaielewa sababu: kila ngazi ilikuwa ikirudisha mwangwi wake. Nimemtaja kwa sababu napenda kuwaonyesha vijana wa studio kwamba hatushughulikii siri ya kampuni fulani. Tunashughulika na tabia ya hewa.

Waliotangulia

Mpiga gitaa Les Paul, Mmarekani aliyetufungulia njia nyingi za kurekodi kwa tabaka, alicheza na athari hii kwa kutumia mashine mbili za santuri, moja ikiwa na kasi inayoweza kubadilishwa. Lakini wimbo ulioipeleka sebuleni kwa watu ni "The Big Hurt" wa Toni Fisher, uliotoka mwaka 1959. Ulirekodiwa Gold Star, Hollywood, na ukafika nafasi ya 3 kwenye chati ya Billboard. Utafute uusikilize kwa hedifoni. Sauti ya mwanamke yule na vinanda vyote vya nyuma yake vinafagiliwa kwa pamoja kama ndege inayopita juu ya paa, na hali hiyo inaendelea karibu wimbo mzima. Nakala mbili za wimbo zilichezeshwa kwa wakati mmoja na hazikwenda sawasawa.

Kwangu mimi "The Big Hurt" ni ushahidi kwamba athari hii ikimwagwa bila kipimo inachosha. Wimbo ni mzuri, lakini baada ya dakika moja sikio limeshazoea na ule mshangao haupo tena. Kumbuka hili tutakapofika kwenye kompyuta.

Hatua iliyofuata ilitokea London, kwenye studio za EMI za Abbey Road, mwaka 1966. The Beatles walikuwa wakirekodi albamu ya Revolver, iliyotoka Agosti mwaka huo. John Lennon alipenda sauti yake isikike imerudufishwa lakini hakupenda kazi ya kuimba mstari ule ule mara mbili. Fundi wa hapo, Ken Townsend, akabuni njia ya kuirudufisha kwa mashine. Kwenye mashine ya tepu, kichwa cha kunasia hutangulia kichwa cha kusomea. Townsend aliitoa sauti kwenye kichwa kilichotangulia na kuipeleka kwenye mashine ya pili, ambayo nayo iliichelewesha kwa kuirekodi na kuisoma tena. Kwa kuwa sauti ilikuwa imetangulia, kule kuchelewa kuliirudisha karibu sawasawa na ya kwanza. Kasi ya mashine ya pili ilitawaliwa na osileta, kifaa kinachotoa mawimbi ya umeme ya masafa unayoyachagua, kwa hiyo fundi aliweza kuivuta nakala mbele kidogo au nyuma kidogo. Akiiacha nyuma makumi kadhaa ya milisekunde, inasikika kama watu wawili wanaimba. Akiisogeza karibu kabisa na ya kwanza, sauti inaanza kujikunja.

Kuhusu jina, George Martin, mtayarishaji wao, amesimulia kwamba Lennon alipouliza mashine inafanyaje kazi, alimjibu kwa maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, na neno "flange" likiwa ndani yake. Lennon akalishika, na tangu siku hiyo akawa anaomba sauti yake ipitishwe huko. Wengine husema jina limetoka kwenye kitendo chenyewe: fundi huweka kidole kwenye ukingo wa rili, gurudumu linaloviringishiwa tepu, ili kuipunguza kasi, na ukingo huo kwa Kiingereza huitwa hivyo. Mafundi wetu wa mabomba wanalijua neno hilo, kwani ile sahani ya chuma inayounganisha mabomba mawili kwa bolti wanaiita flenji. Ndiyo maana naandika flenji hapa bila wasiwasi.

Kisha ikaja Olympic, studio iliyokuwa Barnes, London. Msaidizi wa fundi, George Chkiantz, aliifanyia kazi njia ya kuipata sauti hii kwa mashine za tepu kwa namna inayoweza kurudiwa, na fundi Glyn Johns akaitumia kwenye "Itchycoo Park" ya Small Faces, iliyotoka Agosti 1967 na kufika nafasi ya 3 Uingereza. Huu ndio wimbo ninaomwekea kila anayetaka kujifunza. Sehemu kubwa yake ni kavu kabisa. Halafu dramu za Kenney Jones zinaviringika, matoazi yanalia, na muziki wote unapinduka kama shuka linalokung'utwa, kisha unarudi mahali pake. Ni sekunde chache tu, na kwa sababu ni chache, unazisubiri zirudi.

Miezi michache baadaye, studio hiyo hiyo, fundi Eddie Kramer aliipeleka mbele zaidi kwenye "Bold as Love" ya Jimi Hendrix, wimbo wa mwisho wa albamu iliyotoka Desemba 1967. Mfagio ule unahama kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia. Kufikia mwanzoni mwa 1968 Status Quo walikuwa na "Pictures of Matchstick Men", na tangu hapo ikawa mtindo wa kila studio.

Fezi na flenji ni kitu kimoja?

Mwanzoni, ndiyo. Waingereza wa 1967 waliita kazi ya tepu fezi, na nyimbo nilizozitaja nyingi huitwa nyimbo za fezi ingawa kwa lugha ya leo ni flenji halisi. Majina yalitengana vifaa vya elektroniki vilipokuja.

Flenji huchelewesha sauti nzima kwa muda uleule, kwa hiyo mapengo yake yanapangana kwa vipimo sawa hadi juu kabisa. Pedali ya fezi haicheleweshi hivyo. Ina hatua kadhaa za saketi, kila moja ikizungusha fezi (mahali wimbi lilipofika ndani ya mzunguko wake) ya masafa fulani zaidi ya mengine. Kila hatua mbili hutoa pengo moja, na mapengo hayo hayapangani kama chanuo. MXR Phase 90 ya mwaka 1974 ina hatua nne, yaani mapengo mawili tu. Ndiyo maana fezi inasikika laini, kama maji yanayozunguka kwenye beseni, na flenji inasikika kama chuma na upepo. Ukitaka sauti ya 1967, usinunue pedali ya fezi. Nakala mbili ndizo zitakazokupa.

Walivyofanya kwa tepu

Hata kama hutagusa tepu maisha yako yote, zifuate hatua hizi kwa makini, maana tutaziiga moja baada ya nyingine.

1. Wimbo uliochanganywa unachezeshwa kutoka mashine ya kwanza.

2. Sauti yake inagawanywa na kupelekwa kwenye mashine mbili zinazofanana, A na B. Zote mbili zinarekodi na papo hapo zinasoma kilichorekodiwa. Chukulia kichwa cha kunasia na cha kusomea vimeachana sentimita 4, na tepu inakwenda sentimita 38 kwa sekunde. Sauti itatoka ikiwa imechelewa kama milisekunde 105 kwenye kila mashine. Zimechelewa sawa, kwa hiyo baina yao hakuna tofauti.

3. Matokeo ya A na B yanachanganywa kwa nguvu sawa na kurekodiwa kwenye mashine ya nne.

4. Fundi anaigusa A. Akipunguza kasi yake kwa asilimia 5, A inachelewa karibu milisekunde 111 na B imebaki 105, kwa hiyo tofauti ni kama 5 na nusu. Mapengo yanaanza kushuka kutoka juu.

5. Anaiachia A irudi, kisha anaigusa B. Tofauti inapungua, inafika sifuri, halafu inafunguka upande wa pili: aliyekuwa mbele sasa yuko nyuma.

Hapo kwenye hatua ya tano ndipo penye roho ya kazi. Zinapokaribia sifuri, mapengo yanakimbia kwenda juu hadi yanatoka nje ya masafa ambayo sikio linasikia. Kwa nukta moja nakala mbili ni kitu kimoja, na sauti inajaa. Kisha mapengo yanaporomoka tena kutoka juu. Kupanda, kujaa, kuporomoka: ndiyo ile "vuuuum" ya ndege.

Fikiria jinsi mkono ulivyohitajika kuwa mwepesi. Kwa kasi ya sentimita 38 kwa sekunde, milisekunde 1 ni milimita 0.38 za tepu, nusu ya unene wa kadi ya benki. Fundi alikuwa akicheza ndani ya nafasi hiyo kwa ncha ya kidole, akisikiliza, bila skrini. Wengine waliacha kidole na kutumia osileta kuendesha mota. Umeme wa Uingereza una Hz 50 na mota zilifuata namba hiyo, kwa hiyo aliyeweza kuipa mota Hz 49 au 51 alikuwa ameishika kasi mkononi.

Fanya mwenyewe: nakala mbili na namba moja

Njia hii ni rahisi na inakupa upitanaji halisi, ule ambao pedali nyingi hazina. Chukua kipande cha muziki cha sekunde 20 chenye dramu na matoazi. Kiwe faili lako mwenyewe au la mtu aliyekuruhusu.

Hatua ya kwanza. Kifungue Audacity, chagua treki yote, bonyeza Ctrl+D. Sasa una treki mbili zinazofanana kabisa. Zicheze kwa pamoja. Utasikia muziki ule ule ila wenye nguvu zaidi. Nguvu hiyo ni desibeli 6 za nyongeza, kwa hiyo shusha kila treki kwa desibeli 6 sasa hivi, kabla hujasahau. Usipofanya hivyo, nukta ya kupitana itapasua sauti.

Hatua ya pili. Chagua treki ya chini peke yake. Kwenye menyu ya athari tafuta amri iliyoandikwa Change Speed and Pitch. Kwenye nafasi ya asilimia andika 0.050, yaani asilimia tano za asilimia moja. Treki hiyo itafupika kwa milisekunde 10. Tuni yake itapanda kidogo sana, chini ya sehemu moja ya mia ya nusu-toni. Hakuna sikio litakaloiona.

Hatua ya tatu. Rudisha kishale mwanzoni mwa treki hiyo ya chini na uingize ukimya wa milisekunde 5. Ukipima kwa sampuli (vipimo vidogo vidogo ambavyo kompyuta huhifadhia sauti), kwenye faili la Hz 44,100 ingiza sampuli 220. Kwenye la Hz 48,000 ingiza 240.

Hatua ya nne. Hakikisha treki zote mbili ziko katikati, hazikuvutwa kushoto wala kulia, na ubonyeze kucheza.

Treki ya chini imeanza ikiwa nyuma milisekunde 5, lakini inakimbia kidogo zaidi. Pengo la kwanza linaanza chini kwenye Hz 100. Ikifika sekunde ya 8 imebaki nyuma milisekunde 1 na pengo liko Hz 500. Sekunde ya 9, nusu milisekunde, Hz 1000. Halafu tazama: katika sekunde moja inayofuata pengo linaruka kutoka Hz 1000 hadi 10,000 na kupotelea juu. Kwenye sekunde ya 10 nakala mbili zinakanyaga nyayo moja, kisha yote yanarudi kinyumenyume. Ndiyo sababu ule mfagio huanza polepole na kuishia kwa kasi, ilhali tofauti ya kasi baina ya treki haikubadilika hata kidogo.

Unataka kupitana kutokee mahali maalumu, tuseme matoazi yanapogongwa kwenye sekunde ya 14? Zidisha sekunde hizo kwa asilimia uliyoiweka. Sekunde 14 kwa 0.05% ni milisekunde 7, na huo ndio ukimya wa kuingiza mwanzoni. Ukitaka mfagio wa haraka zaidi, weka 0.100 na uzidishe upya. Mimi huanza kwa kutafuta pigo ninalotaka lipinduke, kisha namba zinafuata. Anayeweka namba kwanza hujikuta mfagio umeangukia mahali pasipo na kitu.

Hatua ya tano, kwa hiari yako. Chagua treki moja na utumie amri ya Invert, inayopindua mawimbi juu chini. Sasa kila pengo limekuwa mlima na kila mlima umekuwa pengo. Kwenye nukta ya kupitana muziki wote, hata besi, unazimika na kurudi. Inatisha kidogo mara ya kwanza. Itumie mahali ambapo wimbo wenyewe unashika pumzi.

Rudisha mkono kwenye kazi

Mfagio ulionyooka kama rula una kasoro moja, nayo ni kwamba unasikika umepangwa. Kidole cha Chkiantz hakikwenda kwa mstari. Kama una programu inayokuruhusu kuchora mabadiliko ya kitufe kwa wakati, fanya hivi: treki ya kwanza ipe dilei, yaani athari ya kuchelewesha sauti, isiyobadilika ya milisekunde 5, bila kujirudia. Treki ya pili ipe dilei inayohama kati ya 0 na 10. Ikiwa kwenye 5, zimekutana. Kisha usiichore kwa mausi. Iweke kwenye hali ya kurekodi mwendo wa kitufe, funga macho, cheza wimbo, na uizungushe kwa mkono ukisikiliza. Rekodi mara tano, uchague moja.

Angalia aina ya dilei. Baadhi ya plagini (programu ndogo za athari zinazoingizwa ndani ya programu ya kurekodia) huruka kutoka namba moja hadi nyingine na kutoa vidonoo vya "tik tik". Unahitaji ile inayoteleza, ambayo hupandisha na kushusha tuni kidogo inapohama, kama tepu.

Swali ninaloulizwa sana ni kama simu mbili zinatosha. Weka wimbo mmoja kwenye simu mbili, zibonyeze pamoja, na kwa bahati utaangukia ndani ya milisekunde chache na kusikia mkunjo. Ni mchezo mzuri wa kumfundishia mtoto. Kwa kazi ya kurekodi hautegemeki.

Iweke juu ya nini

Athari hii inatoboa mapengo, kwa hiyo lazima pawe na kitu cha kutobolewa. Matoazi, kayamba, dramu za waya, gitaa lenye mkwaruzo, vinanda vingi pamoja, makofi ya watu, mvua: hivi vimejaa masafa yote, na chanuo likipita unaliona. Filimbi moja au besi peke yake haina nyama hiyo; utasikia tu sauti inayopanda na kushuka kwa nguvu bila sababu.

Besi ndiyo iliyoniponyoka kwenye kazi moja ya kwaya niliyoifanya zamani. Niliipitisha miksi nzima kwa milisekunde 5, nikafurahia jinsi sauti za juu zilivyofagiliwa, nikaikabidhi. Kwenye spika za kanisani besi ilikuwa ikipotea na kurudi kila mfagio, kwa sababu pengo la kwanza lilikuwa likitua Hz 100, palepale besi ilipokaa. Wanakwaya walipoteza mguu wa kusimamia. Tangu hapo nagawanya sauti kwanza: kila kilicho chini ya Hz 200 kinabaki kikavu kwenye treki yake, na nakala mbili zinatengenezwa kutokana na kilichobaki juu. Mafundi wa tepu hawakuwa na urahisi huo, na ukisikiliza kwa makini nyimbo zao utasikia besi ikikonda.

Kosa lingine ni kuzivuta nakala, moja kushoto na nyingine kulia, kwa kutafuta upana. Mapengo huchongwa pale sauti zinapochanganyika. Ukizitenganisha, kila sikio linapata nakala nzima isiyo na pengo na athari inabaki kuwa hisia ya kichwa kuyumba. Changanya kwanza katikati, kisha matokeo ndiyo uyahamishe kushoto na kulia.

Nguvu nazo ziwe sawa. Ukishusha nakala moja kwa desibeli 6, pengo halifiki chini kabisa. Tofauti kati ya mlima na shimo inabaki kama desibeli 9 au 10. Huo ndio mpini wako wa kupunguza ukali kwenye sauti ya mwimbaji, ambaye hupaswi kumzamisha.

Pedali, kwa ufupi

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 watu walitafuta njia ya kuondoa rundo la mashine. Fumio Mieda wa Japani alibuni Uni-Vibe, ambayo Hendrix aliipenda. Eventide wa Marekani walileta Instant Phaser mwaka 1971 kwa ajili ya studio. Wahandisi wa Philips, Sangster na Teer, walikuwa wamebuni mwaka 1969 saketi inayopokezana chaji hatua kwa hatua kama watu wanaopokezana ndoo za maji kwenye foleni, na saketi hiyo ndiyo iliyowezesha pedali za flenji kama Electric Mistress ya 1976. Huko Kingston, Jamaika, mtayarishaji wa rege Lee Perry aliipitisha miziki ya studio yake ya Black Ark kwenye Mu-Tron Bi-Phase, na dabu, ile rege inayochezewa upya studio, ikapata ule ukungu wake.

Pedali ya kawaida ya flenji haipitani. Sauti kavu inatoka papo hapo na nakala haiwezi kuitangulia, kwa hiyo inakaribia sifuri na kurudi bila kuvuka. Nyingi zina kitufe cha kurudisha sauti ndani yake, kinachotoa mlio wa bomba la chuma. Nyimbo za tepu hazikuwa na mlio huo. Ukiiga miaka ya 1960, kizungushe hadi mwisho wa chini. Na kama pedali au plagini yako inaruhusu kuchelewesha sauti kavu, ipe milisekunde 3 hadi 5 ili nakala ipate nafasi ya kuipita.

Ukimaliza, hifadhi treki yenye mfagio kama faili jipya, weka lile kavu kando yake, na ukate ile yenye mfagio kila mahali isipokuwa kwenye pigo ulilolichagua. Acha sekunde mbili kabla ya kupitana na mbili baada yake. Sikiliza wimbo mzima tangu mwanzo, kwa hedifoni kisha kwa spika ndogo ya simu, na kama mfagio unasikika hata kwenye simu, kazi imekwisha.